Dole Juu, Dole Chini: Roger Ebert na Kazi ya Kutazama Filamu

Muhula uliopita niliihukumu filamu ya mwenzangu kwa maneno sita. Ulikuwa usiku wa filamu pale ukumbini, wanafunzi wanaonesha kazi zao fupi, na dada mmoja wa kozi yetu akaleta filamu ya dakika 14 aliyoirekodi kwa simu, kuhusu mama yake anayekaanga vitumbua. Filamu haijaisha, mimi nimeshaandika kwenye grupu la WhatsApp la darasa: "Picha inatikisika, sauti mbovu. Dole chini." Watu wakacheka, emoji zikamiminika. Nikajiona mhakiki.

Kesho yake alinikuta nimekaa kwenye kimbweta, akaniuliza swali moja tu: "Mama alipomaliza kuhesabu hela, alifanya nini?"

Nikabaki natoa macho. Sikujua. Nilikuwepo ukumbini, macho yalikuwa wazi, lakini muda ule nilikuwa nimeinamia simu natunga maneno yangu sita. Akasema, "Basi hukuitazama," akaenda zake.

Wahenga wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Kiukweli mimi nilihitaji kuambiwa. Ndipo nikaanza kumfuatilia mtu aliyeufanya mchezo wa dole gumba ujulikane duniani, nikidhani nitapata silaha ya kujitetea. Nilichokuta ni kinyume. Mtu huyo alitumia karibu miaka 46 kuwaambia wenye macho watazame, na lile dole lilikuwa sehemu ndogo kabisa ya kazi yake. Makala hii inaeleza alichokiamini kuhusu filamu huru, filamu za zamani na dokumentari, na kwa nini nadhani kinatuhusu sisi hapa chuoni, hasa sisi tunaosomea ualimu.

Mwenye dole alikuwa nani?

Roger Ebert alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa Urbana, jimbo la Illinois, Marekani. Baba yake alikuwa fundi umeme katika Chuo Kikuu cha Illinois, na mtoto akaja kusoma chuo hichohicho. Akiwa pale alikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi, The Daily Illini. Hilo nalikazia kwa makusudi, maana sote tunajua utani wa hapa kwamba jarida la wanafunzi kazi yake ni kufungia maandazi.

Mwaka 1966 aliajiriwa na gazeti la Chicago Sun-Times, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 24, akakabidhiwa safu ya filamu. Hakuiacha mpaka alipofariki Aprili 2013. Mwaka 1975 alipata tuzo ya Pulitzer, akiwa mhakiki wa kwanza wa filamu kuipata. Mwaka huohuo akaanza kipindi cha televisheni pamoja na Gene Siskel, mhakiki wa gazeti pinzani, Chicago Tribune. Walikuwa wanabishana mbele ya kamera kama Simba na Yanga, na baadaye wakabuni alama yao: dole juu ukitaka watu wakaitazame filamu, dole chini ukitaka wabaki na nauli yao.

Wahakiki wengine walilalamika kwamba dole limeshusha hadhi ya uhakiki. Walikuwa na hoja. Ila ukisoma alichokuwa anaandika gazetini unakutana na mtu tofauti. Kule alitumia nyota, mwisho nne, na alieleza wazi kwamba nyota zake ni za kulinganisha. Filamu ya kuchekesha inapimwa na za kuchekesha wenzake, ya mapigano inapimwa na za mapigano. Kuipa nyota tatu filamu ya kung-fu hakumaanishi kwamba iko sawa na msiba wa Shakespeare wenye nyota tatu. Ni kama sisi tunavyosahihisha: insha ya mtoto wa darasa la nne huipimi kwa kigezo cha tasnifu.

Na alikuwa na kanuni nyingine iliyonipiga kofi. Alisema filamu haipimwi kwa jambo inalozungumzia, bali kwa namna inavyolizungumzia. Mada haitoshi. Filamu kuhusu umaskini haiwi nzuri kwa sababu umaskini unauma, na filamu kuhusu mapenzi haiwi nyepesi kwa sababu ni ya mapenzi. Ukitaka kuhukumu, onesha namna: kamera imewekwa wapi, imesubiri kwa muda gani, nani ameachwa aongee na nani amekatwa.

Mimi niliandika "picha inatikisika." Hiyo ni namna, sawa. Lakini sikujiuliza inatikisika kwa nini.

Filamu huru: kumwona mtu kabla hajawa mtu

Filamu huru ni ile inayotengenezwa nje ya kampuni kubwa, kwa fedha za kuungaunga, na mwongozaji ndiye mwenye kauli ya mwisho. Uhuru wake ndio shida yake pia, maana hakuna mwenye fedha wa kuitangaza. Hapo ndipo mhakiki anapokuwa na maana. Filamu ya kampuni kubwa itapata watazamaji hata akiiponda. Filamu huru inaweza kufa kimyakimya asipoandika kitu.

Ebert alilijua hilo mapema. Mwaka 1967, mwaka wake wa kwanza kazini, aliona kwenye tamasha la filamu la Chicago kazi ya kijana mmoja wa New York, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyoanza kama kazi ya chuo. Aliisifu waziwazi. Kijana yule, aliyezaliwa mwaka mmoja naye, alikuwa Martin Scorsese, na filamu hiyo leo inajulikana kama Who's That Knocking at My Door. Wakati ule jina la Scorsese halikuwa na uzito wowote. Ebert alitazama kilichokuwa mbele yake, basi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 2002, kwenye tamasha la Sundance. Ilioneshwa filamu iitwayo Better Luck Tomorrow, kuhusu wanafunzi wa sekondari Wamarekani wenye asili ya Asia, wenye maksi za juu, ambao pembeni wanaingia kwenye wizi na uhalifu. Mwongozaji alikuwa ameitengeneza kwa kujaza madeni kwenye kadi zake za benki. Baada ya maonesho mtu mmoja akasimama kulaumu: kwa nini mnaichafua jamii yenu kwa filamu ya namna hii? Ebert akasimama juu ya kiti na kumjibu kwa sauti. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna anayewauliza waongozaji weupe swali hilo, na kwamba wahusika hawa wana haki ya kuwa watu wa aina yoyote, hawadaiwi kuwa mabalozi wa jamii yao. Filamu ilipata msambazaji. Mwongozaji wake ni Justin Lin, ndiyo, yuleyule aliyekuja kuongoza Fast and Furious kadhaa ambazo wengi wetu tumeziona zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake.

Nalitaja kwa sababu lawama ile tunaijua. Kila filamu ya Kiafrika inayoonesha mlevi, mwizi au ndoa iliyovunjika, kuna mtu atasema inatuchafua. Tunataka wahusika wetu wote wawe mabango ya utalii. Ebert angeuliza: huyu mlevi ameoneshwa vipi? Kama mtu, au kama kikaragosi? Swali ni gumu zaidi, na ni la haki zaidi.

Mwaka 1999 alianzisha tamasha nyumbani kwao, Champaign na Urbana, kwa ajili ya filamu alizoona zimepuuzwa. Mtu ambaye angeweza kukaa na mastaa tu aliamua kutumia jina lake kuwaita watu waje ukumbini kutazama kazi ambayo wasingeijua.

Dokumentari: vijana wawili na mpira wa kikapu

Kama utatazama dokumentari moja tu mwaka huu, omba bando, tazama Hoop Dreams ya mwaka 1994. Kwa mwanafunzi wa ualimu ni kama kozi nzima ya sosholojia ya elimu.

Mwongozaji Steve James na wenzake, Frederick Marx na Peter Gilbert, walianza wakiwa na wazo la filamu fupi ya nusu saa kuhusu vijana wa mtaani Chicago wanaocheza kikapu. Waliishia kuwafuata vijana wawili weusi, William Gates na Arthur Agee, kwa takriban miaka mitano, tangu wana miaka 14 mpaka walipokuwa wanakwenda chuo. Walirekodi karibu saa 250. Kilichobaki ni filamu ya karibu saa tatu.

Vijana wote wawili wanachukuliwa na shule binafsi ya Kikatoliki nje ya jiji kwa sababu ya kipaji. William anapata mfadhili, anaendelea. Arthur hakui kwa kasi iliyotarajiwa uwanjani, familia inashindwa kumalizia ada, na anarudishwa nyumbani katikati ya mwaka. Hapo niliisimamisha filamu. Nani kati yetu hajawahi kuona mwenzake akiitwa jina mstarini, "wenye madeni ya ada watoke mbele"? Niliona tukio lile mara nyingi nikiwa sekondari na nikalizoea. Ilibidi nilione likitokea Chicago ndipo nikalishangaa.

Baadaye nyumbani kwao umeme unakatwa, wanakaa gizani. Halafu mama yake Arthur, Sheila, ambaye muda wote tumemwona akihangaika na watoto na bili, anamaliza mafunzo ya uuguzi msaidizi akiwa na alama za juu kabisa darasani kwake. Katika filamu ya mpira, ushindi mkubwa unakuwa wa mama, ndani ya chumba ambacho hakina mashabiki. Hakuna mwandishi wa skripti ambaye angethubutu kuweka jambo hilo pale. Maisha yaliliweka, na watengenezaji walikuwepo kwa sababu walikuwa na subira ya kuwepo.

Ebert na Siskel waliizungumzia filamu hiyo kwenye televisheni mapema sana, kabla haijafika kwenye majumba ya sinema, wakijua kabisa kwamba watazamaji wao hawawezi hata kuipata. Ebert aliitaja kuwa filamu bora ya mwaka 1994, na baadaye bora ya muongo mzima wa 1990. Si dokumentari bora, filamu bora. Tuzo za Oscar hazikuiteua hata kugombea kipengele cha dokumentari. Kelele zilizofuata, na yeye akiwa mmoja wa waliopiga kelele, zilichangia kubadilishwa kwa utaratibu wa kuteua dokumentari.

Msimamo wake ulikuwa kwamba dokumentari si kaka mdogo wa filamu ya kuigiza. Kwenye orodha yake ya filamu kumi bora za wakati wote aliwahi kuiweka Gates of Heaven ya Errol Morris, dokumentari ya mwaka 1978 kuhusu makaburi ya wanyama wa kufugwa huko California. Makaburi ya mbwa! Ukisikia mada unacheka. Ukitazama unakuta watu wanaongea kuhusu upweke, biashara na kifo bila kujua kwamba wanaongea kuhusu mambo hayo. Kumbuka kanuni: angalia namna.

Aliita sinema mashine ya kuzalisha huruma, akimaanisha kwamba kwa saa mbili inakuwezesha kuingia ndani ya mtu wa umri mwingine, jinsia nyingine, nchi nyingine, na kuhisi uzito wa maisha yake. Mashine hiyo haifanyi kazi kama unaandika meseji.

Za zamani: wazazi wanapokuja mjini

Najua tunavyozichukulia filamu za zamani. Nyeusi na nyeupe, polepole, hakuna mlipuko. Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilikulia Kahama, na sinema yangu ya kwanza ilikuwa kibanda umiza: mabenchi, joto, televisheni moja, kiingilio shilingi 200, na sauti ya Lufufu inayotafsiri kila kitu. Wenzetu Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Kwangu filamu ilikuwa ni mapigano na mtu wa kunieleza nani "stelingi" na nani adui.

Kuanzia mwaka 1996 Ebert aliandika mfululizo wa insha ndefu kuhusu filamu alizoziita kubwa, na nyingi ni za kale. Nilichagua moja kwa sababu alirudia sana kumtaja mwongozaji wake: Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953.

Kisa chenyewe unaweza kukisimulia kwa pumzi moja. Wazee wawili wanasafiri kutoka mji mdogo wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mmoja ni daktari, mwingine ana saluni. Watoto si wabaya, wana kazi tu. Wazee wanaonekana mzigo, wanapelekwa kwenye hoteli ya pwani yenye kelele ili watoto wapumue. Anayewatunza kwa moyo ni Noriko, mkwe wao, mjane wa mtoto wao aliyefia vitani. Wazee wanarudi nyumbani, na mama anafariki.

Kamera ya Ozu haikimbii. Karibu muda wote imetulia, tena chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa sakafuni kwenye mkeka. Ebert alikuwa anaeleza kwa nini hilo lina maana: unakaa nao chini. Hauwatazami wazee kutoka juu. Mtu anapoondoka chumbani, Ozu anakuacha ndani ya chumba kitupu sekunde chache, na unaanza kufikiri.

Nilifikiri kuhusu baba. Mwaka wa kwanza alikuja kunitembelea chuoni, amebeba karanga na mchele kwenye kiroba. Nilikuwa na jaribio siku iliyofuata, kweli, lakini pia nilikuwa na aibu. Nilimpeleka kantini, nikamnunulia soda, nikamsindikiza stendi kabla ya saa nane. Alisema, "Soma mwanangu, usihangaike na mimi." Miaka mitatu nimelibeba jambo hilo bila kulipa jina. Mjapani aliyefariki mwaka 1963 akalipa jina bila mtu yeyote kwenye filamu kupaza sauti. Nilipomaliza nilimpigia baba simu. Tuliongea kuhusu mvua.

Ebert aliamini filamu kubwa haibadiliki ila wewe ndiye unayebadilika. Alitoa mfano wa La dolce vita ya Federico Fellini. Aliiona mara ya kwanza akiwa kijana mdogo na akaona maisha ya raha anayoyatamani. Akaiona tena alipofikia umri wa mhusika mkuu, akaona mtu aliyenaswa. Akaiona akiwa mkubwa zaidi, akamhurumia. Kwa hiyo ukisema "nimeshaiona hiyo," jiulize aliyeiona alikuwa nani.

"Simama!"

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kwa miaka mingi Ebert alikuwa anakwenda Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, kwenye kongamano la kila mwaka, kuendesha kipindi kilichoitwa Cinema Interruptus. Utaratibu wake ni rahisi. Filamu moja inatazamwa siku kadhaa mfululizo, na mtu yeyote ukumbini, profesa au mpita njia, akiona kitu anapiga kelele: simama! Filamu inasimamishwa, anaeleza alichokiona, watu wanajadili, wanaendelea.

Alikuwa na zana chache za kuanzia. Kwa kawaida aliye upande wa kulia wa picha anaonekana ana nguvu au matumaini zaidi kuliko aliye kushoto. Aliye mbele anamzidi aliye nyuma, aliye juu anamzidi aliye chini. Alisisitiza kwamba hizi si sheria, ni mielekeo, na raha ni kuona mwongozaji anapoivunja. Lakini kilichomshangaza ni kwamba ukumbi mzima ukitazama kwa pamoja, hakuna swali linalokosa mtu wa kulijibu.

Wanaualimu wenzangu, si ndiyo ufundishaji shirikishi tunaoukariri kila muhula kwa ajili ya mtihani?

Nilipokwenda mafunzo kwa vitendo nilipangiwa kidato cha pili, wanafunzi 61, kipindi cha Kiswahili, mada ya usimulizi. Kabla ya kuondoka nilimfuata yule dada nikamwomba filamu yake. Alinitazama muda mrefu. "Ukaicheke huko pia?" Nikamweleza ninachotaka kufanya. Alinitumia faili usiku, bila neno.

Shuleni nilipata projekta kwa nusu siku. Nikawaeleza kanuni ya "simama." Dakika mbili za kwanza walikuwa na aibu. Halafu mvulana mmoja nyuma akapaza sauti: "Simama! Mwalimu, mama hajala kitumbua hata kimoja." Kweli. Dakika 14 anakaanga, hali. Msichana mwingine: "Simama! Picha inatikisika kwa sababu anayerekodi amebeba ndoo. Angalia kivuli." Nikasogea ukutani kuangalia. Kivuli chini kinaonesha mtu, mkono mmoja juu umeshika simu, mwingine umeshika ndoo. Mtoto anarekodi huku anamsaidia mama yake kwenda sokoni alfajiri. Mtikisiko niliouandikia dole chini ulikuwa ni uzito wa ndoo.

Tukafika kwenye hela. Mama anahesabu, anagawa mafungu matatu: unga, kikoba, na fungu dogo analolifunga kwenye pindo la kanga. Anasimama. Halafu anakaa tena, anafungua pindo, anatoa noti moja, anairudisha kwenye fungu la unga. Darasa likalipuka. Wengine wakasema anajinyima. Wengine wakasema hapana, ana mahesabu, kesho ni siku ya gulio, anaongeza mtaji. Mmoja akasema kimya kimya, "Mama yangu pia anafungua pindo." Kengele ikagonga na hakuna aliyenyanyuka.

Nimefundisha vipindi vingi vya hovyo kwenye mafunzo yale. Kile kimoja nitakikumbuka.

Naye alikosea

Nisimfanye Ebert malaika. Mwaka 1986 aliipa Blue Velvet ya David Lynch nyota moja, na leo watu wengi wanaihesabu miongoni mwa filamu kubwa za miaka ile. Mwaka 2003 kwenye tamasha la Cannes aliita The Brown Bunny ya Vincent Gallo filamu mbaya kuliko zote katika historia ya tamasha hilo, na wawili hao wakatukanana hadharani. Gallo akarudi chumba cha uhariri, akaikata karibu dakika 26. Ebert akaitazama upya, akaipa nyota tatu, na akaeleza waziwazi kilichobadilika. Aliwahi pia kudai kwamba michezo ya video haiwezi kuwa sanaa. Baadaye akakiri kwamba hakupaswa kutoa hukumu juu ya kitu ambacho hajakicheza.

Mwaka 2006 maradhi ya saratani na upasuaji viliondoa sauti yake na uwezo wa kula. Aliendelea kuandika mpaka siku zake za mwisho. Na alirudi kwenye filamu zilezile kuangalia kama alikosea.

Sisi tufanyeje?

Hapa Tanzania mambo yanatokea. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi tuliyoisoma wengi, ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021. Zanzibar kuna ZIFF tangu miaka ya 1990. Hapa chuoni kila muhula kuna watu wanarekodi kwa simu za kuazima. Mcheza kwao hutunzwa, na matunzo siyo sifa za bure. Filamu ya mwenzetu ikiwa na kasoro aambiwe. Ile ya vitumbua, mathalani, dakika ya tisa upepo unafunika sauti ya mama na tunapoteza maneno yake muhimu. Hilo bado nasema ni kasoro. Ila sasa naweza kusema ni dakika ya ngapi na tunapoteza nini.

Kwa hiyo ukitaka kuwa mhakiki, nakushauri mambo machache. Weka simu mfukoni mpaka majina ya mwisho yapite. Kabla ya kusema ni nzuri au mbaya, eleza kitu kimoja ulichokiona ambacho jirani yako hakukiona. Uliza kwa nini kamera iko pale. Ipime filamu na jambo inalojaribu kufanya. Ukikosea, rudi uitazame, halafu useme umekosea mahali palepale uliposemea mwanzo.

Hilo la mwisho ni langu. Niliporudi kutoka mafunzo nilimfuata mwenzangu kumsimulia darasa lile na kumwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante. Ila ulinicheka mbele ya watu mia mbili, halafu unaniomba msamaha tukiwa wawili."

Alikuwa sahihi. Ndiyo maana nimeandika hapa.

Mama alipomaliza kuhesabu hela alifunga pindo, akasimama, akakaa tena, akafungua, akarudisha noti moja kwenye unga. Sasa nimeiona. Samahani sana, dada.